Kongoni wa Kitani

Furaha na Kiptoo, siku ile ya kuniaga kwa keki na hotuba mlinikalisha jikoni pale karakanani mkanipa kazi nyingine kabla sijamaliza kuvua aproni. Furaha alisema kwa Kiswahili chake cha Bukavu, "Mama Rukia, ukienda bila kuandika, sisi tutabakia kuulizana." Kiptoo naye akaongeza, mdomo umejaa keki, "Na usiandike kama ripoti, mathe. Andika vile unatuambianga wakati wa chai." Basi nimekaa dirishani hapa Brampton, jirani ananguruma na mashine yake ya kukata nyasi, nami naandika. Wenzetu wasiojua Kiswahili mtawatafsiria. Mkifika mahali nimewasema vibaya, tafsirini polepole.

Habari za nani alipandishwa cheo na kwa nini hazimo humu. Zilinichosha zilipokuwa zikitokea, sembuse sasa.

Mimi sikuanza na ndege, nilianza na mahema. Baba yangu alikuwa fundi wa turubai Majengo, Nairobi. Alishona mahema ya watalii na vifuniko vya malori, na kwetu mtoto alishika shazia kabla hajashika kalamu. Kiptoo, wewe ambaye mpaka leo unasema "ile sindano kubwa", shazia ndilo jina lake. Nilipokuja Toronto na mume wangu tulipanga mtaa wa Regent Park, ule wa zamani kabla haujabomolewa, nikapata kazi kwa mshona makochi mmoja. Siku moja aliingia msichana mrefu, buti zimejaa matope, amekumbatia mto wa kiti uliooza. Akasema ni wa ndege, na anataka ushonwe upya kwa mshono uleule wa kale. Nikaushona. Alipokuja kuuchukua hakuutazama kwa nje. Aliugeuza, akachungulia upande wa ndani, akauliza nani ameufanya. Mtu anayetazama ndani ya mshono anaijua kazi, nami nilimpenda papo hapo. Huyo ndiye Maureen, mkuu wenu wa leo. Wakati ule karakana ilikuwa banda moja tu kando ya kiwanja kidogo cha ndege, kaskazini ya jiji, lenye watu wachache na birika moja la chai linalovuja.

Siku yangu ya kwanza nilivaa viatu vizuri. Hilo lilikuwa kosa, maana sakafu ilikuwa na rangi mbichi. Maureen alinikabidhi kwa Stan, fundi wa vitambaa, mzee wa Kipolandi mwenye nyusi kama brashi mbili. Stan hakunisalimu. Alinionyesha kipande cha bawa kilichokuwa juu ya farasi za mbao, vile viegemeo vya miguu minne vya kulazia kazi, akachukua shazia refu kuliko la baba yangu, akalipitisha kutoka juu mpaka chini ya bawa, akalizungusha kwenye ubavu, akalirudisha juu, akapiga fundo. Kisha akanipa uzi uliopakwa nta akaenda kunywa chai. Nilishona mstari mzima. Aliporudi aliupapasa kwa kidole gumba huku amefumba macho, akachukua mkasi, akaukata wote.

"Fundo limelegea," akasema.

"Lipi?"

"La tatu. Lakini la nne litajifunza kwake."

Wiki ile yote nilishona na kufumua, kushona na kufumua. Nyumbani mume wangu aliniuliza leo nimetengeneza nini, nikamjibu: hakuna. Ilipofika Ijumaa Stan alipapasa mstari wangu kutoka mwanzo hadi mwisho, akafumbua macho, akasema, "Inakubalika." Nimefanya kazi naye miaka mingi na sijawahi kumsikia akitoa sifa kubwa kuliko hiyo. Hata mkate wa harusi ya bintiye, nilikuwepo, aliuonja akasema unakubalika.

Kwa kuwa nyinyi mlikuta vyombo vya kisasa, niwaambie tulivyokuwa. Kitambaa kilikuwa kitani, kile chenye harufu ya shamba kikilowa. Kikishashonwa juu ya mbavu za bawa kinapakwa ile vanishi kali tunayoiita dopu. Ikikauka inakivuta kitambaa mpaka kinakuwa kama ngozi ya ngoma. Dopu haipendi unyevu. Ukiipaka siku ya mvua inageuka nyeupe kama maziwa yaliyomwagika, na unaanza upya. Ndiyo maana mpaka leo mnaniona natazama mawingu kabla ya kuvua koti. Panya nao ni sehemu ya kazi. Panya wa Kanada anapenda kitani kuliko jibini, na ndani ya bawa la ndege moja ya mafunzo tulikuta ukoo mzima, na kitanda walichokuwa wametandika kwa ramani ya rubani.

Sasa niingie kwenye ile ndege mliyoniomba hasa, maana nyinyi mliikuta tayari inaruka na mkadhani ilizaliwa hivyo.

Iliingia majira ya baridi, ndani ya makasha, ikitokea Afrika Kusini. Mwenyewe ni mkusanyaji wa ndege za kale anayeishi mbali, mtu mwema ambaye faida yake kubwa ni kwamba hatutembelei mara kwa mara. Tulipofungua makasha tulikuta mabomba ya chuma yaliyopinda, mbavu za alumini zenye kutu nyeupe, injini iliyolala ndani ya grisi, na viraka vya kitambaa vilivyobomoka ukivigusa. Maureen alizunguka lile rundo mara mbili akasema, "Vizuri. Karibu yote ipo." Stan akasema, "Karibu yote haipo." Wote wawili walikuwa wanasema kweli.

Historia yake nilifundishwa na Stan wakati wa chai, kidogo kidogo, kama mtu anayetoa dawa. Mwishoni mwa miaka ya ishirini Waingereza walitaka ndege nyepesi ya kudondosha mabomu, ya watu wawili, rubani mbele na mwenzake nyuma na bunduki. Wasanifu walichukua injini ndefu nyembamba inayopozwa kwa maji, wakaujenga mwili wa ndege kuizunguka bila kuacha hata nafasi ya mkono. Hawakuchomelea mabomba, walifunga kwa bolti, ili fundi aliye jangwani aweze kubadilisha kipande kwa spana tu. Mabawa yalikuwa mawili kila upande, moja juu ya jingine, ya nguo. Walipoirusha, ikatokea aibu: ndege ya mabomu ilikuwa inakimbia kuliko zile zilizotengenezwa kuifukuza. Hapo Stan alikuwa anacheka kila mara, kana kwamba amesikia leo. Ikabidi waigeuze hiyo hiyo iwe pia ya kufukuza, nyingine ikatengenezwa ya kukaa melini, nyingine ya jangwani, nyingine ya kufundishia. Familia nzima kutoka tumbo moja.

Waafrika Kusini nao walitengeneza ya kwao, yenye injini ya nguvu zaidi kwa sababu ya joto na nyanda za juu, na mabamba ya chuma ya kumkinga rubani na risasi za kutoka chini. Waliipa jina la mnyama wa kwao. Siku Maureen alipolisoma lile jina mbele yetu, aliuliza kama kuna mtu anamjua mnyama huyo.

"Ni kongoni," nikasema.

"Yukoje?"

"Uso mrefu, mabega juu, matako chini. Kama mtu aliyesubiri basi la Jumapili."

Wote wakageuka kuitazama ile mifupa ya ndege iliyokaa mkia chini na pua ndefu juu, wakacheka. Tangu siku hiyo hakuna aliyeiita jina jingine karakanani. Wakanada wazima, na mmoja wa Poland, wakisema "Kongoni" na kukosea kidogo tu.

Stan alimaliza historia yake hivi: Vita Kuu ya Pili ilipoanza, ndege hizi zilikuwa zimekwisha pitwa na wakati. Ulaya hazikuwa na kazi tena mbele ya adui. Zikapelekwa kule ambako hakukuwa na kitu bora zaidi. "Mpaka wa kaskazini ya Kenya," akasema. "Kwenu."

Sikulitilia maanani. Mimi ni mtoto wa Majengo. Kaskazini ni kwa mama yangu.

Mama yangu, Dahabo, ni mzaliwa wa Moyale. Wakati huo alikuwa ameshakuja kukaa nasi, na tulikuwa tumehamia huku Brampton. Alikuwa na chumba chake, redio yake, na vita vyake na mwanangu Idris, ambaye alielewa kila neno la bibi yake akajibu kwa Kiingereza. Mama alikuwa na dawa yake: hakusikia Kiingereza wakati wa kupakua chakula. Idris alijifunza kusema "Bibi, naomba nyama" kwa ufasaha wa kupendeza.

Jioni moja tukila, Idris aliniuliza habari za kazi, nami nikaanza kueleza ndege mpya. Nikasema ina mabawa mawili kila upande, moja juu ya jingine. Nikasema watu wawili, mmoja mbele, mmoja amesimama nyuma wazi kwenye upepo. Nikasema imetumika vitani huko kwetu, kaskazini. Mama aliweka kikombe chini.

"Ina sauti gani?" akauliza.

"Injini bado hatujaiwasha, Mama. Kwa nini?"

Akasimulia jambo ambalo katika umri wangu wote nilikuwa sijawahi kulisikia.

"Nilikuwa mdogo wa kuchunga mbuzi. Tulikuwa kisimani, mimi na dada yangu na punda wetu amebeba maji. Kikaja kitu kutoka upande wa jua, mabawa mawili mawili. Kikapita chini sana. Mtu wa nyuma alikuwa amesimama. Akanipungia mkono. Na mimi, mjinga, nikampungia. Kikaenda mbele kule boma la askari, ardhi ikaruka. Tukalala kifudifudi. Punda akakimbia na maji na hatukumwona tena. Na jirani yetu, mama Gufu, alikuwa amekwenda bomani kuuza maziwa. Yeye pia hatukumwona tena." Akafuta meza kwa kiganja ingawa ilikuwa safi. "Siku ile ile tukaondoka kwa miguu. Ndivyo tulivyofika Isiolo."

"Ilikuwa ya Waingereza au ya Waitaliano?" nikauliza.

"Mwanangu, kwani walikuja kujitambulisha?"

Idris akashindwa kujizuia akacheka, na Mama naye akatabasamu. Lakini hakumalizia chai. Alipoinuka akaniuliza, "Na wewe unakitengeneza ili kiruke tena?"

"Ndiyo, Mama."

Akaenda chumbani kwake.

Baada ya hapo alizungumza nami habari za chumvi, maharage na hali ya hewa, basi. Hakunikasirikia. Ningejua la kufanya na hasira. Alikuwa ananitazama tu ninapotoka asubuhi na mkebe wangu wa chakula, kama anayemtazama mtu anayekwenda kufanya kazi kwa majirani wabaya. Mimi nami mkono ukawa mzito. Niliketi mbele ya bawa la chini, shazia mkononi, nikijiuliza ninamshonea nani hii kitu. Siwezi kuapa kwamba ndiyo aina ile ile aliyoiona. Watu wa pande zote mbili walikuwa na ndege za mabawa mawili. Lakini ingeweza kuwa yenyewe, na hilo lilitosha kunipotezea usingizi.

Stan alipapasa mstari wangu wa asubuhi, hakusema limelegea wala linakubalika. Akavuta kigoda.

"Una nini?"

Nikamweleza yote. Stan alizaliwa Poland, na katika utoto wake walilala chini ya ardhi, kwenye stoo ya viazi, kwa sababu ya ndege. Alikuwa hajawahi kuniambia. Alinisikiliza akichezea ule uzi wa nta.

"Na wewe uliwezaje kuja kuzishona?" nikamuuliza.

"Nilikuwa nataka kujua zimetengenezwa na nini," akasema. "Mtoto aliye chini ya viazi anasikia tu. Haoni." Akainuka. "Kama anataka kuiona, milango hii haina kufuli mchana. Kama hataki, mwache. Usimlete kwa nguvu ili wewe ulale vizuri."

Nilikuwa bado natafuta maneno ya kumwambia Mama alipoyapata yeye mwenyewe. Asubuhi moja alitokea jikoni amevaa koti la baridi juu ya dera, mtandio wake mzuri kichwani, na viatu vya kwendea hospitali.

"Hicho kitu chako umekipaka rangi?"

"Bado, Mama."

"Vizuri. Nataka kukiona kabla hujakipamba."

Idris alituendesha. Njia nzima Mama alikuwa amekumbatia mkoba wake. Karakanani watu waliacha kazi kama wanaopokea waziri. Maureen alikuja kumsalimu, akampa mkono. Mama akaupokea huku macho yakiwa nyuma yake, kwenye Kongoni. Mwili wake ulikuwa tayari umesimama kwenye magurudumu, na bawa la chini la kushoto lilikuwa juu ya farasi za mbao, nusu limeshonwa.

Mama alikwenda moja kwa moja kwenye bawa. Akasimama mbele yake muda mrefu. Akanyoosha kidole kimoja, akakigusa kitambaa haraka kama mtu anayejaribu pasi. Akagusa tena. Akaweka kiganja kizima.

"Rukia. Hii ni nini?"

"Kitani, Mama."

"Kitani gani?"

"Kitani. Nguo. Tunaishona juu ya mifupa, halafu tunaikaza."

"Nguo?" Akashika ukingo ambao haujashonwa, akaukunja kwa vidole kama alivyokuwa akikagua vitenge sokoni. "Hii ni nguo?"

"Ndiyo."

"Miaka yote najua ni chuma," akasema. "Chuma kitupu. Kumbe ni nguo!" Bega likaanza kutikisika. Nikadhani analia, nikamshika. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akaegemea farasi za mbao, machozi yanamtoka. "Ningejua, wallahi, ningekitupia jiwe!"

Nikawatafsiria wenzangu. Stan, ambaye hacheki hovyo, aligeuka akatazama ukuta, nyusi zake zinaruka.

Kisha Mama akataka kushona. Si kwa kuomba. Alichukua tu shazia mkononi mwangu, maana ameishi na fundi wa turubai ujana wake wote. Nikamwonyesha ubavu. Akalishusha, nikalipokea chini, nikalirudisha, akapiga fundo lake, akalikaza kwa meno ya mbele aliyobakiwa nayo. Sote tulikuwa tunatabasamu. Stan akasogea, akafumba macho, akapapasa.

"Limelegea," akasema.

"Stan!" Maureen akasema.

"Limelegea, nifanyeje?"

"Anasemaje huyu mzee?" Mama akauliza. Nikamwambia, kwa aibu. Mama akamtazama Stan kutoka viatu mpaka nyusi. "Ana haki," akasema. "Mwambie anipe mkasi." Akalifumua, akalipiga upya. Stan akapapasa. Inakubalika. Nikatafsiri, na Mama akaitikia kwa kichwa kama aliyepokea alichostahili.

Baadaye akauliza yule mtu wa nyuma alikuwa anasimama wapi. Tulikuwa na ngazi pana iliyotengenezwa kwa sababu ya goti la Stan. Idris akamshika mkono huku, Maureen huku, wakampandisha taratibu mpaka akasimama ndani ya lile tundu la nyuma, mikono kwenye duara la chuma linaloshika bunduki. Mimi nilibaki chini, mbele ya bawa. Akatazama mbele, akatazama pembeni, akanitazama mimi. Mkono wake ukainuka. Alinipungia, nami nikampungia.

Akautazama ule mkono wake.

"Unajua," akasema, "miaka yote nimejiuliza alikuwa ananisalimu au ananifukuza nikimbie. Kumbe ukisimama hapa, mkono unapunga wenyewe."

"Kwa hiyo umemsamehe, Bibi?" Idris akauliza, kwa Kiswahili, bila kuwa na njaa.

"Sijasema hivyo," akasema Mama. "Nisaidie kushuka."

Nyumbani siku hiyo alinisimulia Moyale mpaka chakula kikapoa. Majina ya mbuzi, majina ya visima, mama Gufu alivyokuwa akiimba akikamua. Nilikuwa na mama mpya. Na karakanani mkono wangu ukawa mwepesi. Tukamaliza bawa lile, tukamaliza mengine, tukasubiri siku kavu, tukapaka dopu, tukapaka rangi.

Sasa siku ya kuruka. Ilikuwa asubuhi ya kiangazi, anga safi, upepo kidogo. Rubani alikuwa Maureen mwenyewe. Tulimweka Mama kwenye kiti cha kukunja karibu na ua, blanketi magotini, Idris pembeni yake. Stan alishika redio ndogo ya kuzungumzia na rubani. Mimi nilizunguka mabawa yote nikipapasa kila mstari, mpaka Maureen akaniambia kutoka juu, "Rukia, ukimaliza kuaga, nataka kwenda."

Injini iliwaka kwa mlio wa kupasua, ikakohoa moshi, kisha ikatulia ikawa inaimba nene. Nikamtazama Mama. Alikuwa ameziba masikio, macho wazi. Idris aliinama kumwuliza kama aondoke naye. Akamsukuma apishe, anamzibia.

Kongoni alikimbia kwenye nyasi, mkia ukainuka, na kabla sijawa tayari alikuwa hewani. Mabawa yakameta. Hakuna kilichopasuka, hakuna kilichochanika. Nikapumua.

Ile ndege ina rediata ya kupoza maji ya injini, inayoning'inia chini ya tumbo. Rubani anaizungusha kwa gurudumu: injini ikipata joto anaishusha kwenye upepo, ikipoa anaipandisha ndani ili ndege ikimbie zaidi. Kuijaribu kulikuwa sehemu ya kazi ya siku hiyo. Maureen aliipandisha. Tukaiona ikiingia tumboni. Akapiga duara moja. Kisha sauti yake ikatoka kwenye redio, tulivu kama anayeagiza kahawa.

"Rediata imegoma kushuka. Joto linapanda. Narudi."

Stan akabonyeza redio. "Njia yote ni yako," akasema. Gari la zimamoto likawashwa. Mimi nilisahau kabisa habari za kitambaa. Nilikuwa namwona msichana mwenye buti za matope, na mto uliooza kifuani. Ndege ikageuka mwisho wa kiwanja, uzi mweupe wa mvuke ukaanza kuitoka ubavuni. Mama pekee alikuwa anasoma dua kwa sauti, na kidole kimoja amekielekeza angani kama anayemwonyesha mtu njia.

Magurudumu yakagusa nyasi, yakaruka kidogo, yakagusa tena, yakakaa. Maureen alizima injini ndege ikiwa bado inatembea, na Kongoni akaja kusimama mbele yetu akifoka mvuke kama sufuria ya maharage. Tukakimbia wote. Maureen akavua miwani. Uso mzima ulikuwa mweusi wa mafuta, isipokuwa duara mbili za macho.

"Anaruka vizuri sana," akasema, kisha akashuka, akakaa chini kwenye nyasi.

Nilipogeuka Mama alikuwa ameshafika, sijui kwa miguu gani. Akainama mbele ya Maureen, akachukua ncha ya mtandio wake ule mzuri, akailowesha mate, akaanza kumfuta shavu kwa nguvu, kama anavyofutwa mtoto wa shule. Akamwambia maneno mengi kwa Kiswahili na Kiborana, ya kumshukuru Mungu na ya kumgombeza. Maureen aliinua uso akafutwa.

"Anasema nini?" akaniuliza.

Nilitaka kutafsiri, nikaona sitafika mwisho.

"Anasema una mafuta usoni," nikamwambia.

Jumatatu asubuhi tulikuta Stan ameshafika kabla yetu, rediata iko chini, bolti zimepangwa juu ya gazeti, birika linachemka. "Kama mmekuja kusherehekea," akasema, "shikeni spana."